Dondoo muhimu: Mtoto kwanza au ubingwa kwanza?

Shahada ya udaktari ni miaka 5, intanishipu mwaka 1, ubingwa miaka 3 au zaidi. Ukingoja nafasi tupu, utafika 35 ungali unangoja, na baada ya hapo uwezo wa kushika mimba hupungua kwa kasi.

Kwa daktari aliyepangiwa Mpanda, mkoani Katavi, kipindi chenye unafuu ni kati ya kuajiriwa na kwenda ubingwa. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo yenye malipo ya siku 84, au 100 ukijifungua mapacha, na ukirudi kazini, hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Toa taarifa miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari. Miezi 2 ya mwisho ya ujauzito hupaswi kupangiwa zamu ya usiku. Wapanga rosta husahau. Wakumbushe kwa maandishi.

Mwanafunzi hana likizo hiyo, yeye huahirisha masomo. Asome kanuni za chuo mapema, aulize na habari ya mkopo.

Nani atabaki na mtoto ukiitwa wodini saa 8 usiku? Hilo lijibiwe kabla ya mimba. Ubingwa utakupeleka Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, na mtoto wa miaka 2 huhama kirahisi kuliko wa miezi 2. Bibi yake akikubali kuja kwa treni ya Tabora, mkatie tiketi kabla hajabadili mawazo.

Na kwa kuwa Katavi ina malaria nyingi, kliniki uanze mapema, upate SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kwa wakati. Madaktari ndio wavivu wakubwa wa kliniki.