Jinsi Jeni za Kirusi cha Mafua Zinavyoendana na Mnyama Mwingine

Swali: Eleza jinsi kirusi cha mafua ya ndege kinavyoweza kupata uwezo wa kuambukiza binadamu.

Kabla hujashika kalamu, zingatia jambo moja. Kirusi hakina nia. Ukiandika "kirusi kilijibadilisha ili kimwingie binadamu", umegeuza mambo. Mabadiliko ya jeni hutokea kwanza, bila mpango wowote. Kisha mwili wa mnyama huyachuja.

1. Muundo
Kirusi cha mafua aina ya A hubeba jeni zake katika vipande 8 vya RNA. Makazi yake ya asili ni ndege wa majini, kama bata mwitu, na huzaliana hasa katika utumbo wao.

2. Vikwazo vinavyokikabili kwa binadamu
(a) Kuingia kwenye seli. Protini iitwayo HA hushika vipokezi vilivyo juu ya seli. HA ya virusi vya ndege hushika vizuri vipokezi vya aina ya alfa 2,3, lakini pua na koo la binadamu vina zaidi aina ya alfa 2,6.
(b) Kuzaliana ndani ya seli. Utumbo wa ndege una joto la karibu 41°C, ilhali njia ya juu ya hewa ya binadamu ina karibu 33°C. Hapo kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi cha ndege hufanya kazi kwa shida. Hata hivyo, badiliko la asidi amino moja katika protini ya PB2, kwenye nafasi ya 627, kutoka asidi ya glutamiki kuwa laisini, hukiwezesha kunakili vizuri zaidi katika seli za mamalia.

3. Chanzo cha mabadiliko
(a) Mutesheni. Kimeng'enya hicho hukosea wakati wa kunakili, wala hakisahihishi makosa yake.
(b) Kubadilishana vipande. Virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja, vipande vyao huchanganyika na kuunda kirusi kipya. Nguruwe anaweza kuambukizwa virusi vya ndege na vya binadamu, hivyo mchanganyiko huo unaweza kutokea ndani yake. Kirusi cha mlipuko wa 1957 kilikuwa na vipande 3 kutoka kwa virusi vya ndege. Cha 1968, vipande 2. Kile cha 2009 kilitoka kwa nguruwe.

4. Hitimisho la jibu lako
Mabadiliko mengi hayana faida, na mengine hukiua kirusi. Machache yanayofaa katika mwili mpya hubaki na kuongezeka. Huo ndio uteuzi asilia.

Jipime: Kwa nini kumtenga nguruwe na kuku na bata hupunguza hatari ya kutokea kirusi kipya? Taja vipande vya RNA katika jibu lako.