Somo kwa Madereva: Gia Nzito ya Land Rover

Land Rover za Series II na III, zilizotengenezwa Uingereza tangu 1958 hadi 1985, zina mkono mwekundu kando ya mkono wa gia. Ndio mkono wa gia nzito. Ufikapo penye matope au mteremko mkali, simamisha gari kwanza, kanyaga klachi, kisha uvute mkono huo nyuma. Hapo magurudumu yote 4 huvuta, polepole lakini kwa nguvu zaidi ya mara 2.

Ushukapo mlima, tia gia ya kwanza wala usikanyage klachi, maana injini ndiyo ilizuialo gari. Ukiikanyaga, mzigo wote huzielemea breki, nazo zikipata moto hazishiki. Ukifika barabara ngumu, simama, urudishe mkono mbele, gia zisije zikaumia.