Z28 Haiandikwi Kwenye Chesisi

Wadogo zangu, leo naanza na mdogo wangu wa Columbus, Ohio, maana barua yake ina haraka. Amepata Camaro ya 1969, rangi ya machungwa, milia miwili mieupe juu ya boneti, beji za Z/28 mahali pake. Muuzaji anataka bei ya Z28 halisi, na kila akiulizwa ushahidi anajibu neno moja: angalia chesisi. Mdogo wangu kapiga picha, kanitumia, kaniuliza, "Dada, nitoe hela?"

Usitoe kwanza. Kaa, tuisome hiyo chesisi pamoja.

Namba yake inaanza 124379N. Ile 1 ya mwanzo ni Chevrolet. 24 ni Camaro ya silinda nane. Ingekuwa ya silinda sita pangeandikwa 23. 37 ni kupe ya milango miwili. 9 ni mwaka 1969. N ni kiwanda cha Norwood, hapohapo Ohio, kando ya Cincinnati, kilichofungwa 1987. Ungeona L ungejua imetoka Van Nuys, Los Angeles. Tarakimu sita zinazobaki ni namba ya foleni tu. Sasa niambie, Z28 umeiona wapi? Haipo, na haijawahi kuwapo kwenye chesisi ya Camaro yoyote ya mwaka huo. Kupe ya V8 ya bei chee na Z28 zina mwanzo uleule, herufi kwa herufi. Kwa hiyo anayekwambia "angalia chesisi" ama hajui, ama anajua kwamba wewe hujui.

Sababu ni hii. Kwa General Motors, Z28 halikuwa jina la gari. Ulikuwa mstari kwenye fomu ya oda. Kila kitu cha ziada kilipewa msimbo wa herufi na tarakimu, jumla tatu, na mfumo huo wanauita RPO. Mteja anataka kiyoyozi, karani anaandika C60. Difu isiyoruhusu tairi moja lizunguke bure, G80. Pawa stering, N40. Redio ya AM, U63. Gia nne za mkono zilikuwa na M20, M21 na M22, na hiyo ya mwisho inanguruma hadi Wamarekani wakaipa jina la mashine ya kusaga kokoto. Z28 ilikaa humohumo kwenye orodha. Ilizaliwa 1967 kwa sababu mashindano ya Trans-Am yaliweka kikomo cha inchi za ujazo 305, basi Chevrolet wakachukua bloku yenye kipenyo cha 327 wakaifungia kranki ya 283, wakapata 302. Kwenye makaratasi waliandika nguvu za farasi 290, na hakuna aliyeifungulia mafuta injini ile akaamini. Mwaka wa kwanza zilitoka 602 tu. Mwaka 1969 zikafika 20,302, na sijui kama Z28 zinazouzwa leo zimebaki ndani ya idadi hiyo.

Jambo zuri la misimbo hii ni kwamba mingine haikai pamoja. Z28 ya 1969 ilikuwa kupe, haikuuzwa na paa la kukunja. Ilikuwa lazima iwe na gia nne za mkono na breki za diski mbele. Kiyoyozi cha kiwandani haikupewa. Ukikutana na "Z28 halisi" ya 1969 yenye otomatiki na matundu ya C60 kwenye dashibodi, huna haja ya kufungua boneti. Agana na mtu vizuri, nenda zako.

Ya mdogo wangu haina kiyoyozi na ina gia nne, kwa hiyo tunaendelea.

Fungua boneti, tazama ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria, upande wa dereva. Kuna kibao kidogo cha kampuni ya Fisher Body. Ninyi wa Dar na Mombasa mliozoea Toyota za kutoka Japani mnakijua ndugu yake, kile chenye modeli, fremu, rangi na gia. Hiki cha Fisher ni mchoyo wa maneno zaidi. Mstari wa juu una mwaka na aina ya bodi, 69 na 12437, kisha NOR, kisha namba ya bodi. Tafadhali msiichanganye namba hiyo na ya chesisi. Hazikutakiwa kufanana, na kila mwezi kuna mtu ananiandikia akitetemeka kwamba gari lake ni la wizi kwa sababu hazilingani. Chini yake kuna TR 711, yaani ndani ni nyeusi ya kawaida. Halafu 72 72, rangi ya machungwa chini na juu. Kwa hiyo rangi ni ya kuzaliwa nayo, hapo muuzaji kasema kweli.

Kona ya chini imeandikwa 02C. Hiyo ni tarehe: 02 ni Februari, C ni wiki ya tatu. Na pembeni yake, X11.

Hapa ndipo nilipoweka chai chini. Kuanzia mwishoni mwa 1968, Norwood walikuwa wanapiga msimbo wa X kwenye vibao vya Camaro ili wafanyakazi wa bodi wajue gari linaelekea wapi. Z28 yenye urembo wa ziada wa nje ilipata X33. Z28 bila urembo huo, X77. X11 ni gari lenye urembo, lakini si Z28. Linaweza kuwa toleo la SS 350, linaweza kuwa V8 ya kawaida kabisa. X11 peke yake haikuambii lipi, ingawa madalali wataapa kwamba X11 maana yake SS. Van Nuys hawakuweka X yoyote, kwa hiyo wewe mwenye gari la L usinililie kwamba kibao chako kimepungukiwa.

Muuzaji alipobanwa akaleta injini. "Tazama mwenyewe, DZ!" Na kweli, picha ipo. Mbele ya injini upande wa abiria, pale silinda hedi inapokutana na bloku, kuna kipande bapa cha chuma chenye upana wa vidole viwili. Kimeandikwa V0304DZ. V ni kiwanda cha injini cha Flint, Michigan. 0304 ni Machi 4. DZ ni 302 iliyofungwa kwa ajili ya Z28 ya 1969. Msimbo ni wenyewe.

Lakini hesabu, mdogo wangu. Kibao kinasema bodi ni ya wiki ya tatu ya Februari. Injini imefungwa Machi 4. Gari limeitangulia injini yake duniani kwa wiki mbili! Kawaida ni kinyume: bloku inamwagwa, baada ya siku kadhaa injini inaunganishwa, inasafirishwa Norwood, ndipo inaingia kwenye gari. Na kwenye kipande hichohicho, au jirani na filta ya oili, lazima pawe na 19N ikifuatwa na ileile namba ya foleni iliyo kwenye chesisi. Kwenye picha uliyonitumia foleni ni nyingine kabisa. Kwa hiyo injini ni ya Z28, ila ya Z28 ya mtu mwingine.

Mwingine atakuzungusha hadi nyuma ya bloku akuonyeshe 3970010, namba iliyovimba kwenye chuma. Hiyo ni namba ya kalibu. Baadhi ya bloku za 302 zilitoka nayo, na 350 za kawaida zilitoka nayo pia kwa miaka mingi baadaye. Iheshimu, lakini usiilipie.

Na kwa kuwa DZ ina bei, kuna wanaoipiga upya. Beba tochi na tambara lenye petroli kidogo. Msasa na brashi ya waya viache nyumbani, maana ukikwangua umeharibu ushahidi wa gari zima. Futa grisi, halafu lala na tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Mashine ya Flint iliacha mistari myembamba, iliyonyooka, inayokwenda sambamba chini ya herufi. Chuma kikiwa laini kama kioo, au kina mizunguko ya jiwe la kusagia, mtu ameshapita hapo. Fanya vivyo hivyo kwenye kibao cha chesisi kilicho juu ya dashibodi, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Ribiti zake mbili zina vichwa kama ua la petali sita. Ukiona ribiti za duka la vifaa vya ujenzi, ondoka, na usiguse kitu. Kung'oa au kubadilisha namba hiyo ni kosa la jinai kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, na wewe hutaki kuwa wa mwisho kuishika.

Gia boksi pia ina lake. Ya mdogo wangu imepigwa P9C04B: P ni Muncie, 9 ni 1969, C ni Machi, 04 tarehe, B ni M21. Machi 4 tena! Nahisi injini na gia boksi zilitoka kwenye gari moja lililopata ajali, zikahamishwa pamoja. Hilo si dhambi. Dhambi ni bei.

Mtaniuliza, dada, kwani hakuna karatasi? Zipo, zikibahatika. Ile karatasi ya oda iliyotembea na gari kiwandani mara nyingine inakutwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za siti, imeliwa na panya nusu. Corvette kuanzia 1967 ziligundishiwa yake juu ya tangi. Kuna pia kibati cha Protect-O-Plate kilichokaa kwenye kitabu cha warantii cha Chevrolet, chenye misimbo ya injini, gia na ekseli. Zote zinachapishwa upya siku hizi, pamoja na kibao cha Fisher, kwa hiyo karatasi iliyonyooka na kunukia wino ikague mara mbili.

Wenye Chrysler mna nafuu. Kwenye magari yao ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, herufi ya tano ya chesisi inataja injini. BS23R0B ni 'Cuda ya 1970 kutoka Hamtramck, na R ni Hemi 426. Isipokuwapo R, hata ukiwekewa Hemi mbili haitakuwa Hemi 'Cuda. Ndani ya boneti, kwenye madigadi ya kushoto, kuna kibao kinachosomwa kuanzia mstari wa chini kwenda juu, na hapo mtu mzima anaweza kupotea. E74 ni hiyohiyo Hemi, D21 ni gia nne, FC7 ni ile zambarau inayopigana na macho. Msichukue orodha ya Chevrolet kusomea Chrysler: M21 yao ni urembo wa chuma kwenye ukingo wa paa.

Ford nao wanataja injini kwenye chesisi. Mustang ya 1965 yenye K ndiyo 289 ya farasi 271. Na kwa Ford za 1967 na kuendelea hakuna sababu ya kubishana barazani, agiza Marti Report, inatoka kwenye kumbukumbu zenyewe za Ford. Wa Pontiac nendeni PHS, nao wanatoa kumbukumbu za namna hiyo.

Chevrolet za Marekani za miaka ile hazina daftari la namna hiyo la gari moja moja. Ndiyo maana wezi wanazipenda.

Basi mdogo wangu wa Columbus: gari ni X11 ya machungwa iliyozaliwa Februari, lina 302 na M21 za kweli zisizo zake. Kama unalipenda, lipende, mimi mwenyewe ningelipenda. Mpe bei ya Camaro ya kawaida, ongeza thamani ya injini ya DZ kwa sababu ni mali, na kwenye hati ya mauziano iandikwe kwamba si Z28. Akikataa kuandika sentensi hiyo, usiingizwe mjini, rudi nyumbani na hela zako.

Na wewe wa Toronto uliyeuliza kuhusu Chevelle SS 396 ya 1967: chesisi yake ianze 138, mwaka huo SS 396 ilikuwa na namba yake yenyewe. Kama iliuzwa mpya Kanada, una bahati zaidi, kwa sababu General Motors ya Kanada imehifadhi kumbukumbu. Waandikie na namba ya chesisi kabla hujalipa hata amana.