Kona ya Dada: Vepu Inavuja Chini, Wewe Kagua Juu

Wadogo zangu wa Hagadera, Ifo na Dagahaley, na nyinyi wa Garissa mjini mnaodai kona hii ni yenu peke yenu, leo tunazungumzia kitu ambacho wengine mtajifanya hamjawahi kukiona. Barua imetoka Hagadera, kwa kijana wa miaka 24. Nimeifupisha, na jina lake nimelibana:

"Dada, binamu yangu wa Eastleigh aliniletea vepu ya kujaza ili niachane na sigara. Mwanzoni ilikuwa shwari. Siku hizi kila nikiitoa mfukoni, kikoi kimelowa. Nikivuta inakoroma na kunitemea majimaji ya moto mdomoni. Fundi wa simu sokoni anasema ni betri. Hooyo naye ameanza kuuliza mbona nanukia embe. Nifanyeje?"

La embe utamjibu mama yako mwenyewe, mimi simo. La kuvuja tulimalize hapa.

Huyo fundi mwache na simu zake. Chukua jerikeni gumu la lita 20, lijaze maji, lifunge kabisa, kisha toboa tundu dogo chini. Maji yatachuruzika kidogo halafu yatasita, maana hewa haina pa kuingilia. Legeza kifuniko uone yanavyomwagika. Tangi la vepu liko hivyohivyo. Kinachoizuia juisi isishuke yote kupitia koili, ile inayoichemsha, ni kwamba juu pamebanwa. Hewa ikipata upenyo huko juu, juisi inateremka, inailowesha pamba ya koili kupita kiasi na kutokea kwenye matundu ya hewa. Ndiyo maana watu wanahangaika na sehemu ya chini wiki nzima na kasoro iko juu.

Basi toa juisi yote, osha tangi kwa maji ya vuguvugu, likauke, kisha kagua. Anza na kifuniko cha kujazia: je, kinafunga hadi mwisho au kimekaa upande? Halafu zile ringi za mpira, nyembamba kama uzi, zinazokaa kifunikoni na kwenye ncha mbili za kioo. Pitisha ukucha taratibu. Ukikuta imekatika, imelegea au imejikunja, umempata mwizi wako. Na kwa mchanga wetu huu, chembe moja tu chini ya ringi inatosha kuacha upenyo. Ringi nzima ipake tone la juisi kabla ya kuirudisha, ili isijikunje ukikaza. Mwisho, kiinue kioo kwenye mwanga utafute ufa. Kioo chenye ufa hakigundishwi kwa gundi, kinabadilishwa.

Juu pakiwa salama, ndipo uje kwenye koili. Ikaze kwa vidole hadi ifike mwisho, bila kutumia koleo. Kama ladha imekuwa ya kuungua na pamba imegeuka nyeusi, imechoka; weka nyingine. Hiyo mpya idondoshee juisi kidogo kwenye pamba, jaza tangi, kisha subiri dakika kumi kabla ya kuvuta. Ukiharakisha, utaunguza pamba siku ya kwanza.

Sasa huko kukoroma. Maana yake juisi imejaa kwenye bomba la katikati, pale panapopita hewa tu. Koili inachemsha dimbwi badala ya pamba iliyolowa, nawe unatemewa matone ya moto. Usizidishe kuvuta ukidhani utalimaliza. Unavyovuta kwa nguvu ndivyo unavyoongeza juisi ndani. Fungua tangi ulitenganishe na betri, zungushia tishu kwenye matundu ya hewa, kisha puliza kutoka juu kwa pumzi moja ya nguvu. Yale majimaji yatahamia kwenye tishu. Futa pia pale tangi linapogusana na betri, pakauke kabisa, ndipo uunganishe. Siku nyingine unapojaza, elekeza ncha ya chupa pembeni mwa kioo, mbali na lile bomba, na uache nafasi kidogo ya hewa juu. Ukivuta, vuta polepole. Na kama umeshusha nguvu ya betri chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye koili, ipandishe hadi hapo, kwa sababu koili isiyopata moto wa kutosha haiwahi kuimaliza juisi inayoifikia.

Kuna adui mwingine ambaye vijana wa Limuru hawamjui vizuri: joto letu. Juisi ni mchanganyiko wa glisirini, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Glisirini ni nzito, lakini ikitoka nyuzi 25 hadi 40 uzito wake wa kutiririka unapungua kwa zaidi ya nusu. Juisi iliyotulia vizuri usiku, saa nane mchana ndani ya nyumba ya mabati inakimbia kama maji. Wakati huohuo hewa iliyo ndani ya tangi inatanuka na kuisukuma nje. Iweke vepu kivulini, imesimama wima, wala usiilaze mfukoni. Mwezi wa Ramadhani, kama inakaa mchana kutwa bila kuguswa, usiiache imejaa. Na kama dukani kuna juisi za aina mbili, chukua ile yenye glisirini nyingi zaidi, mradi koili yako inaikubali.

Safari nayo ina mambo yake. Garissa haifiki mita 200 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Basi likipanda, hewa ya nje inapungua kanieneo, ile uliyoifungia ndani ya tangi inatanuka, na juisi inatafuta mlango. Kwa hiyo ukienda Eastleigh, safiri na tangi tupu na juisi kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Wanaoendelea hadi Kampala waiache nyumbani: sheria ya tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inapiga marufuku kuingiza na kuuza vitu hivi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii. Hayo yaliyolowesha kikoi chako ni sumu. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ina miligramu 200, kiasi cha hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Na inanukia embe! Mtoto wa miaka miwili ataiona ni peremende. Ikikudondokea kwenye ngozi, nawa kwa sabuni na maji. Kikoi kilicholowa kifue peke yake, usikitundike mahali ambapo watoto wanacheza. Chupa ikae juu, imefungiwa. Mtoto akiilamba, usimlazimishe kutapika na usisubiri dalili. Mpeleke hospitali ya Hagadera mara moja, na chupa uibebe ili daktari aisome.

Betri nayo, juisi ikiingia kwenye tundu la chaji, usichaji hadi pakauke. Ikivimba au ikiwa ya moto bila kutumiwa, achana nayo. Wenye zile vepu za kutupa, zisizofunguka: ikivuja haina matengenezo. Usiivunje ujaze upya, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa, kwa sababu betri ya lithiamu ikipata moto hulipuka. Muulize fundi wa simu anakopeleka betri zake mbovu, hapo ndipo ushauri wake utakufaa.

Mlio chini ya miaka 18 mnaosoma kwa siri, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu wa umri wenu, na kwa vepu mimi nashikilia mstari huohuo. Asiyevuta sigara pia hana sababu ya kuanza vepu. Nikotini ni ileile inayomfunga mvutaji.

Nawe uliyeniandikia, ulisema uliichukua ili uache sigara. Basi usivute vyote viwili, na kila chupa ikiisha nunua yenye nikotini ya chini kidogo kuliko iliyopita, hadi ufike sifuri. Nunua ringi kwanza, ni rahisi kuliko koili. Ukibadilisha ringi, ukaweka koili mpya, ukaitoa kwenye joto, na bado inavuja, usiipe pesa nyingine. Hiyo itakuwa imekupunguzia safari moja ya kuacha.

Wako,
Dada