SOMO: UKUMBI WA MICHEZO NAO NI MAHALI PA KAZI



Wengi wetu hapa Kigali huingia katika ukumbi wa shule siku watoto wanapoonyesha mchezo wa kuigiza. Tukikaa nyuma hatuoni wala hatusikii, kisha tunasema watoto hawakujifunza. Katika somo hili tutaeleza kwamba mara nyingi kosa ni la jengo.

Kwanza, sakafu. Ukumbi wa shule huchorwa uwe pia chumba cha mitihani na mikutano, kwa hiyo sakafu huwa sawasawa. Aliye safu ya kumi huona visogo tu. Dawa ni sakafu inayopanda kuelekea nyuma, au jukwaa lililoinuliwa vya kutosha.

Pili, paa. Mvua ya Aprili ikipiga mabati yasiyo na dari, hata mwenye sauti kubwa hasikiki.

Tatu, kuta. Kuta tupu za saruji zinazotazamana hurudisha sauti. Neno la kwanza huwa bado linalia wakati la pili linatamkwa. Mapazia mazito hupunguza mwangwi huo.

Majumba makubwa yana jambo jingine: shimo la wanamuziki. Ni nafasi iliyochimbwa mbele ya jukwaa ili wapigaji wasiwazibe watazamaji, na muziki usizifunike sauti za waimbaji. Shimo linamfaa mtazamaji. Lakini aliye ndani? Nafasi ni finyu, na mpiga fidla huketi mbele ya midomo ya matarumbeta.

Mwaka 2012, katika jumba la Royal Opera House, London, mpiga viola mmoja aliumia masikio wakati wa mazoezi, matarumbeta yakiwa nyuma yake. Alikuwa amepewa vizibo vya masikio, lakini havikumwokoa. Mwajiri alijitetea kwamba kelele hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa haki mfanyakazi: mwanamuziki analindwa na sheria ya kelele kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Basi, ni nani anayeulizwa kabla ya jengo kuchorwa? Tutazame jirani zetu wa Kamirithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu, pamoja na wakulima, walijijengea jukwaa katika kituo chao cha elimu ya watu wazima. Walipanga kwanza njiti za kiberiti ardhini, wakatengeneza mfano mdogo, ndipo wakajenga. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, na viti vya watu zaidi ya 2,000 vililizunguka. Halikuwa na paa, kwa hiyo mvua ilikuwa adui yao kama ilivyo adui yetu. Lakini hapakuwa na shimo la kuwatenga wachezaji na watazamaji.

Serikali ilizuia mchezo wao mwaka huohuo, na Machi 1982 jukwaa likabomolewa. Halikubomolewa kwa sababu ya ubovu wa ujenzi.

Fundisho letu ni hili: anayelitumia jengo anazijua kasoro zake kabla ya mchora ramani. Aulizwe mapema, maana ukuta ukishasimama, kuusogeza ni gharama.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kiwanda chetu, nani anaketi "mbele ya matarumbeta"?
2. Je, vizibo vya masikio vinatosha, au mashine isogezwe?
3. Shule ya watoto wetu ikijenga ukumbi, tutawaambia nini kamati ya wazazi?