Laptopu ya Zamani: Anza na Diski

Laptopu ikianza kujikokota, watu hukimbilia kusema imezeeka. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski. Chukua ThinkPad T430 ya mwaka 2012, ambayo bado unaikuta kwa wauza mitumba: nyingi zilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka. Ukiweka SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240, utadhani umenunua mashine nyingine.

Nakili mafaili yako kwanza. Zima, chomoa chaja, toa betri. Kwenye T430 diski imekaa ubavuni, nyuma ya kifuniko chenye skrubu moja tu, kwa hiyo huhitaji fundi. Ivute, hamishia vishikizo vyake vya mpira kwenye SSD, kisha irudishe.

RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi za kawaida. Hakikisha ni DDR3 ya laptopu. DDR4 haiingii, na usiilazimishe.

Ikiwa feni inanguruma na mashine inajizima yenyewe, shaka vumbi. Ukishaifungua, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, maana hewa kali ikiizungusha kupita kiasi huiharibu. Pesti iliyokauka juu ya prosesa ifute kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Hapa, kama mkono wako si mwepesi, mpe fundi na ukae pale pale ukitazama.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huu. Mimi ningeweka Linux Mint toleo la Xfce, ambalo ni jepesi na la bure. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kufuta chochote.

Betri iache mwisho, kwa kuwa laptopu hufanya kazi kwa chaja peke yake, ingawa umeme ukikatika kazi ambayo hujaihifadhi imepotea. Tahadhari moja: T430 huweza kuikataa betri isiyo halisi, ikawaka lakini isichaji. Muuzaji aipachike mbele yako, uone asilimia zinapanda, ndipo utoe pesa.