SOMO LA WIKI: Sukuk ya wakfu na hospitali ya macho

Mfanyabiashara akisikia hatifungani huuliza faida kwanza. Machi 2020 serikali ya Indonesia ilitoa sukuk ya wakfu, SW001, yenye thamani ya rupia bilioni 50.8 kwa miaka 5. Walioweka fedha hawakuchukua faida hata senti. Faida hiyo, asilimia 5 kwa mwaka, ilielekezwa hospitali ya macho ya Achmad Wardi, mjini Serang, kuwapasulia maskini mtoto wa jicho.

Aliyeweka wakfu kwa muda alistahili kurudishiwa mtaji wake kamili hati ilipoiva, Machi 2025. Lakini hati yenyewe haikuruhusiwa kuuzwa sokoni. Duka likiyumba katikati, fedha hazitoki. Na rupia zinazorudi ni zilezile kwa hesabu; bei za bidhaa hazikungoja.